PZEM-004T katika nyumba ya Tanga: kipimo cha umeme cha kujiundia, ubora wake na namna ya kukifunga

LUKU ya elfu kumi kwa mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, ni uniti 28. Kwa bei iliyopangwa 2016, uniti moja ni shilingi 292. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, unafika 356 na kitu. Aliye D1, kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani, ana nafuu kubwa: uniti 75 za mwezi kwa shilingi 9,150, yaani 122 kila moja, ila uniti ya 76 inamgharimu 427. Juu ya hapo kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo tangu 2021. Mita inakuonyesha uniti zilizobaki. Haikuonyeshi zilikokwenda, na hilo ndilo swali linalosumbua nyumba nyingi kuanzia Raskazone hadi Mabawa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme ni mali.

Kipimo kinachofaa kujiundia kwa gharama ndogo ni PZEM-004T toleo la 3.0, bodi ndogo ya kampuni ya Peacefair ya China, urefu wake kama wa kidole cha kati. Inapima volti kuanzia 80 hadi 260, ampea hadi 100, wati hadi 23,000, uniti, hezi (kasi ya mawimbi ya umeme), na pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo kweli inafanya kazi. Mtengenezaji ameahidi kosa lisilozidi asilimia 0.5 kwenye volti, ampea na wati. Uniti zinahifadhiwa ndani ya bodi yenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika hesabu haipotei. Kwa kazi ya nyumbani ni kifaa kizuri sana. Udhaifu wake mwingi unatokana na ufungaji, kwa hiyo hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Kwanza kununua. Waya, sakiti breka, maboksi na konekta zipo kwenye maduka ya vifaa vya umeme Ngamiani. Bodi za aina hii wengi huziagiza Dar es Salaam zikaja kwa basi, au kutoka China kupitia mawakala. Angalia mambo mawili kabla ya kulipa. La kwanza ni toleo: bodi iwe imeandikwa V3.0. Toleo la kwanza bado linauzwa, halipimi pawa fakta wala hezi, na linaongea lugha yake pekee wakati la tatu linatumia Modbus, lugha ya mawasiliano inayoeleweka na vifaa vingi. Programu ya moja haifanyi kazi kwenye jingine, na mtu anaweza kumaliza siku mbili akitafuta kosa kwenye waya kumbe kosa lilifanyika dukani. La pili ni ukubwa: chagua ya ampea 100, inayokuja na pete ya kuvalisha waya. Ya ampea 10 inapitisha mzigo wote ndani ya bodi, na ampea 10 kwa volti 230 ni wati 2,300 tu. Jagi la umeme na pasi vikiwashwa pamoja, umeshapita hapo.

Pete zenyewe zipo za aina mbili. Iliyofumba inataka waya uchomolewe kwenye skurubu upitishwe katikati. Inayofunguka kama kibanio inavishwa bila kuchomoa kitu. Ongeza shilingi chache upate inayofunguka, kwa sababu kila skurubu ya mein swichi unayoilegeza ni skurubu ambayo mtu anaweza kusahau kuikaza, na skurubu iliyolegea kwenye waya unaobeba nyumba nzima inapata moto hadi plastiki inayeyuka.

Upande wa ubongo, yaani kompyuta ndogo yenye waifai itakayosoma namba za PZEM na kuzituma kwenye simu, chukua bodi ya ESP32. ESP8266 ni rahisi zaidi na inafanya kazi, lakini njia yake kamili ya mawasiliano ni moja tu na ndiyo hiyo hiyo inayotumika kuipakia programu. Ukitumia njia ya kuigiza kwa programu, waifai inapokuwa na shughuli baadhi ya majibu ya PZEM hupotea. ESP32 ina njia tatu, na ya pili iko kwenye pini 16 na 17, huru kabisa. Isipokuwa bodi za WROVER, ambazo pini hizo zimeshikwa na kumbukumbu ya ziada; humo chagua pini nyingine.

Vitu vingine: chaja ya simu ya volti 5 na ampea 1 iliyo nzima, fyuzi ya ampea 1 na kishikio chake, waya wa 1.5, rezista mbili za kilo-om 10 na 20, na boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko. Waifai ya ESP32 ikituma huvuta kwa ghafla zaidi ya robo ampea, na waya mwembamba wa chaja ya mitaani hauwezi. Dalili yake ni bodi kujizima na kujiwasha kila baada ya dakika kadhaa. Badilisha waya wa chaja kabla ya kulaumu programu.

Sasa ufungaji. Bodi ya PZEM ina pande mbili zisizogusana. Upande mmoja ni umeme wa nyumba: skurubu mbili za moto na nyutro, na mbili za pete. Upande wa pili ni pini za volti 5, RX (ya kupokea), TX (ya kutuma) na GND (hasi). Katikati kuna optokapla zinazopitisha habari kwa mwanga, umeme usivuke. Upande wa kwanza wote ni hatari, hata migongo ya risasi chini ya bodi, kwa hiyo bodi isikae wazi mezani ikiwa imewashwa.

Kazi ya kwenye mein swichi ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Mita ni mali ya TANESCO, lakiri zake haziguswi. Ukumbuke jambo moja ambalo limeua watu: ukizima mein swichi, waya unaoingia kutoka kwenye mita bado una moto. Pete ivalishwe upande wa kutokea, kwenye waya wa moto unaotoka mein swichi kwenda kwenye breka.

Pete ivae waya mmoja tu. Ukiipitisha kwenye kebo bapa yenye moto na nyutro pamoja, mkondo unaokwenda na unaorudi vinafutana, na kipimo kinaonyesha karibu na sifuri wakati jagi linachemka. Hili ndilo kosa linalofanyika zaidi ya yote. La pili ni pete isiyofumba vizuri. Zile nyuso mbili za chuma zinatakiwa zigusane kabisa. Punje ya mchanga au kutu kidogo katikati hushusha namba bila kutoa onyo lolote. Zifute kwa kitambaa kikavu, bana hadi usikie mlio. Upande gani wa pete utazame wapi si hoja, kwa kuwa PZEM haitambui mwelekeo. Maana yake pia ni kwamba mwenye sola inayorudisha umeme kwenye gridi haitamfaa.

Umeme wa kuilisha bodi yenyewe uchukue kwenye breka ndogo, ya taa kwa mfano, ukipitia ile fyuzi ya ampea 1. Kisha upande wa pini: TX ya PZEM iende RX ya ESP32, na RX ya PZEM iende TX. Zikinyooshwa jina kwa jina hakuna mawasiliano.

Kuhusu volti za upande huu, maelezo mengi yanachanganya, na sababu ni hii. PZEM imeundwa kwa volti 5 na ESP32 inaongea kwa 3.3. Anza kwa kuipa pini ya volti 5 ya PZEM volti 3.3 kutoka kwenye ESP32. Pande zote zinakuwa kiwango kimoja na bodi nyingi zinajibu bila tabu. Isipojibu, taa ya ndani ya optokapla haipati nguvu ya kutosha: ipe volti 5, na kwenye waya wa TX ya PZEM weka rezista ya kilo-om 10 mfululizo kuelekea ESP32, kisha ya 20 kutoka pini ya ESP32 kwenda GND. Hapo pini inapata volti 3.2 hivi badala ya 5. Usiache volti 5 ziingie moja kwa moja kwenye ESP32.

Programu kuna njia tatu. ESPHome haihitaji kuandika kodi: unataja njia ya mawasiliano kwa kasi ya 9600, unachagua aina ya pzemac, na muda wa kusoma sekunde 10. Tasmota inapangwa kwa kivinjari cha simu. Anayependa kuandika mwenyewe atumie mazingira ya Arduino na maktaba ya PZEM004Tv30. Angalia kipimo cha namba: ESPHome inatoa wati-saa, maktaba ya Arduino inatoa uniti kamili, hivyo 1320 ya huku ni 1.32 ya kule. Njia zote zinaweza kukupa ukurasa wa kuangalia kwa simu ndani ya waifai ya nyumbani, au ESP32 ifungue hotspoti yake yenyewe. Haili bando hata kidogo.

Ukiwasha na kuona NaN (maana yake hakuna namba) kwenye kila mstari, usivunjike moyo. Mara nyingi sababu ni kwamba umejaribu mezani kwa volti 5 pekee. Chipu inayopima inakula umeme wa nyumba, si wa ESP32. Bila 230 kwenye skurubu zake imelala. Jambo hili lina faida kwetu: ukiilisha ESP32 kwa pawabenki, kila NaN ni wakati ambao umeme haukuwepo, na unaweza kuweka kumbukumbu ya makato ya mwezi mzima bila kuongeza kipimo kingine.

Baada ya hapo jaribu usahihi, na jaribio lake ni rahisi. Kwenye uso wa mita kuna taa nyekundu inayomweka, na kando yake imeandikwa idadi ya mimweko kwa uniti, tuseme 1000. Zima kila kitu, washa jagi la maji peke yake, hesabu mimweko 10 kwa saa ya simu. Ikichukua sekunde 21.6, gawanya 36,000 kwa 21.6: unapata wati 1,667. PZEM ikisoma karibu na hapo, iko sawa. Kama mita yako imeandikwa 1600, gawanya 22,500 badala ya 36,000. Wenye mita iliyoko juu ya nguzo hawataiona taa. Wao walinganishe uniti za kwenye kibodi cha LUKU kwa siku tatu au nne.

Watu huandika kwamba PZEM inapunja kwa sababu jagi limeandikwa wati 2,000 nayo inasoma 1,667. Haipunji. Jagi ni wati 2,000 kwa volti 230. Volti zikishuka hadi 210, kama inavyotokea jioni nyumba zote zinapopika na kupiga pasi, nguvu inashuka kwa mraba: 210 gawanya kwa 230, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 2,000, na unafika 1,667 hiyo hiyo. Maji yatachemka kwa kuchelewa, lakini uniti zitakazoliwa ni karibu zile zile.

Hii ndiyo sababu PZEM inazishinda pete za SCT-013 zinazosifiwa katika miradi mingi. SCT-013-000 ni pete tupu ya ampea 100 kwa miliampea 50. Inataka rezista ya mzigo, rezista mbili za kilo-om 10 za kuinua mawimbi, na kapasita ya mikrofaradi 10. Zaidi ya hayo, pini za ESP32 za kusoma volti hazisomi kwa uwiano ulio sawa, volti ndogo hadi kubwa. Shida kubwa hata hivyo ni kwamba inajua ampea tu. Ukiikadiria volti 230 wakati ukutani kuna 195, umezidisha kwa karibu asilimia 18. Na friji inayovuta ampea 0.9 kwa volti 230 si wati 207. Pawa fakta yake ikiwa 0.6, ni wati 124, na LUKU inakata hizo 124. Mwenye mafeni, friji na pampu ya maji akitumia SCT-013 peke yake atajiogopesha bure.

PZEM nayo ina kikomo chake. Haianzi kusoma hadi ampea 0.02, yaani wati 4 hadi 5. Taa moja ya LED ya wati 3 usiku inaweza isionekane. Kwa nyumba nzima hiyo si kasoro. Ukitaka kupima kifaa kidogo peke yake, zungusha waya wake wa moto mara tano ndani ya pete na ugawanye jibu kwa tano.

Kinachofaa kupimwa kwanza ni friji, kwa kuwa hufanya kazi watu wakiwa wamelala. Itazame kwa usiku mmoja. Friji nzima yenye wati 110 inayowaka dakika 20 na kupumzika 20 inakula uniti 1.3 kwa siku, kama 40 kwa mwezi. Friji hiyo hiyo mpira wa mlango ukiwa umelegea itawaka saa 20 kati ya 24, na inafika uniti 2.2 kwa siku, 66 kwa mwezi. Aliye D1 ana uniti 2.5 za siku kwa nyumba nzima. Friji imebakiza 0.3, na hapo taa, televisheni na feni bado. Kwenye grafu utaiona bila kuuliza mtu: badala ya meno ya msumeno yenye mapengo, unaona mstari mrefu na pengo dogo la hapa na pale. Mpira mpya wa mlango unarudisha gharama yake haraka sana kwa mahesabu hayo. Joto la Tanga la Februari linaongeza saa za kuwaka hata kwa friji nzima, kwa hiyo linganisha wiki na wiki za majira yale yale.

Bahari nayo ina neno. Hewa ya chumvi inaingia Sahare, Raskazone na Chumbageni hadi ndani ya makabati. Skurubu za bodi hufanya kutu ya kijani ndani ya miezi, na kutu hiyo inaongeza upinzani, joto, kisha kukatika kwa usomaji. Boksi liwe la kufunga kwa mpira, waya ziingie kwa chini kupitia glendi (kifungio cha mpira kinachobana waya tunduni), ndani weka vipakiti vya kunyonya unyevu vile vya kwenye viatu vipya. Kila tundu lisilotumika lizibwe. Mjusi mmoja akijipitisha katikati ya skurubu za moto na nyutro, bodi imekwisha na fyuzi imekatika. Bila fyuzi, tatizo ni kubwa zaidi. Sisimizi nao wanapenda joto la bodi. Lifunge ndani ya nyumba karibu na mein swichi, si nje ukutani.

Je, kila mtu anahitaji hivi? Hapana. Asiyetaka grafu wala simu achukue PZEM-061 ya kampuni hiyo hiyo: ina skrini yake, inaonyesha volti, ampea, wati na uniti, pete yake ni ya ampea 100, na inakwisha kufungwa ndani ya nusu saa. Hakuna ESP32, hakuna programu. Kwa mzee anayetaka tu kujua leo zimekwenda uniti ngapi, hiyo ndiyo bora, na tungemshauri hivyo bila kusita.

Lakini ziko nyumba ambazo PZEM-004T haina mbadala, nazo ni nyumba za vyumba zenye LUKU moja, zilivyojaa Ngamiani na Makorora. Ugomvi wa nani achangie kiasi gani unaweza kuhukumiwa kwa namba. Kila chumba kiwe na breka yake, na kila waya wa breka uvae pete yake. PZEM kadhaa zinaweza kushirikiana njia moja ya mawasiliano, mradi kila moja ipewe anwani yake, kuanzia 1 hadi 247. Kosa ni kuziunganisha zote kabla ya kuzipa anwani. Amri itafika kwa zote na zitajibu kwa pamoja, usielewe chochote. Iunganishe moja, ipe anwani, iandike kwa kalamu ya wino mzito juu ya bodi, itoe, kisha ijayo.

Tarehe ya kuanza, futa hesabu za bodi zote siku moja. Toleo hili linafutwa kwa amri ya programu. Mwisho wa mwezi jumlisha uniti za vyumba na uzitoe kwenye uniti zilizokatwa na mita. Kinachobaki ni taa ya uani, pampu na soketi ya ukumbini, na hicho kinagawanywa sawa kwa wote. Kikizidi sana, kuna waya unaopita nje ya pete, na fundi aanze kuutafuta kwenye dari.